Je, wajua kwa nini jemu hukaa mwaka mzima, ilhali tunda lenyewe huoza kwa wiki?

Msimu wa matunda ukifika shambani, mavuno hupita uwezo wa familia kula. Tunda bivu likiachwa hulegea, huvuja maji, kisha huota ukungu. Likipikwa jemu na kufungwa moto moto katika chupa iliyochemshwa, hukaa mwaka na zaidi. Watu wengi husema ni moto ulioua vijidudu. Ni kweli, moto huua vingi, lakini mlinzi wa kudumu ni sukari, nayo hailindi kwa kuviua. Huvinyima maji.

Matunda mengi yana maji asilimia 80 hadi 90, na hakuna bakteria wala ukungu unaoweza kukua bila maji. Jemu inapochemka, sehemu ya maji huondoka na mvuke, na mwishowe sukari hufikia karibu asilimia 65. Sukari hiyo huyashika maji yaliyobaki hata kiumbe kingine kisiweze kuyatumia. Zaidi ya hapo, kijidudu kikitua humo, maji ya ndani ya seli yake hufyonzwa kuelekea kwenye sukari, nacho hunyauka. Chumvi hufanya kazi hiyohiyo kwenye samaki na nyama.

Kwa sababu hiyo, ukipunguza sukari hadi nusu unaweza kupata kitu kitamu sana, lakini si cha kuweka kabatini. Kiweke kwenye friji ukile mapema.

Sukari ina kazi nyingine: kusaidia jemu igande. Kinachogandisha hasa ni pektini, utomvu uliomo katika kuta za seli za matunda, hasa kwenye maganda na kokwa. Nyuzi za pektini hushikana vizuri pakiwa na sukari nyingi na ukali wa kutosha, ndiyo maana maji ya limau hutiwa hata kwenye matunda matamu. Tunda likiiva kupita kiasi, pektini yake huvunjika. Wapishi wazoefu huchanganya yaliyoiva na machache ambayo hayajaiva sawasawa, na mimi naona huo ni ujuzi mkubwa kuliko kununua unga wa kugandishia.

Utajuaje imeiva? Weka kisahani kwenye friji mpaka kipoe kabisa. Dondoshea tone la jemu, subiri kidogo, kisha lisukume kwa ncha ya kidole. Likijikunja juu kama ngozi, epua. Likitiririka, bado. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 104 au 105 za Selsiasi, lakini anayeishi milimani apunguze nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 za mwinuko, maana huko maji yenyewe huchemka mapema.

Hekima hii ilitangulia sayansi yake. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert, aliyekuwa mtengenezaji wa peremende, alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula katika chupa zilizofungwa na kuchemshwa. Hakujua kwa nini ilifaa. Louis Pasteur alikuja kueleza habari za vijidudu nusu karne baadaye.

Sasa jambo ambalo nawasihi wasomaji walizingatie. Maharage, mahindi, karoti na nyama havina ukali wa matunda, na havitiwi sukari ya kuvilinda. Bakteria waitwao Clostridium botulinum wana mbegu zinazostahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa huamka na kutoa sumu inayoweza kuua. Ukali wa pH 4.6 au chini ya hapo huwazuia (pH ni kipimo cha ukali: namba ikishuka, ukali huzidi). Vyakula visivyo na ukali huo vinahitaji mtambo wa presha wa kuhifadhia, unaofikisha nyuzi 116 hadi 121, kwa muda uliopimwa kwa kila chakula. Asiye na mtambo huo avikaushe, avigandishe kwenye friza au avitie katika siki. Chupa ikivimba kifuniko au kurusha povu inapofunguliwa, itupwe bila kuonjwa. Na hata isiyo na dalili yoyote haiaminiki kama haikuhifadhiwa kwa njia sahihi, kwa kuwa sumu hiyo yaweza kuwemo bila harufu wala ladha.