Si kila sikio lililoziba lina nta

Huku Pemba, mtu anayelalamika kuwa sikio limeziba aghlabu huambiwa kuwa ni nta au maji ya bahari, kisha akatiwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Nta huwa ndiyo sababu mara nyingi (na hata hapo mafuta ya moto si dawa), lakini si sahihi kudhani kwamba tatizo la sikio haliwezi kutoka kwengine mwilini.

Sikio la ndani hulishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu usio na msaidizi. Kwa hivyo kinga ya mwili inapokosea ikaishambulia mishipa, kuta zake huvimba, damu hupungua, na chembe za kusikia, ambazo zikifa hazioti tena, hukosa oksijeni. Katika granulomatosisi yenye poliangiitisi, mojawapo ya maradhi hayo ya mishipa ya damu, majimaji yanaweza pia kujaa nyuma ya ngoma ya sikio, na mgonjwa akapewa antibiotiki mara kwa mara bila ya nafuu. Ugonjwa wa Cogan, ulioelezwa mwaka 1945, huunganisha uziwi, kizunguzungu na macho mekundu yenye maumivu.

Maradhi haya ni nadra, na sioni haja ya kila aliyezibwa sikio kwa mafua kuingiwa na hofu. Hata hivyo, anayetokwa na damu puani, anayekohoa damu au anayeumwa na viungo amweleze daktari yote hayo pamoja na habari ya sikio, ili apimwe damu na mkojo. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku 3, hiyo ni dharura, kwani dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe, hufaa zaidi zikianzwa mapema.