Je, wajua kwa nini kufuta matusi hakuondoi chuki dhidi ya Wayahudi katika Mabepari wa Venisi?

Tamthilia hii ya Shakespeare ya miaka ya 1590, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1969, inamhusu Shylock, Myahudi mkopeshaji wa Venice. Anamkopesha Antonio, mfanyabiashara Mkristo, dukati 3,000 (sarafu za dhahabu) kwa miezi mitatu. Antonio asipolipa, atakatwa ratili moja ya nyama mwilini.

Watazamaji wengi wa kwanza London hawakumjua Myahudi hata mmoja. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na wachache waliokuwapo waliificha dini yao. Mwaka 1594 Roderigo Lopez, daktari wa Malkia Elizabeth mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa kwa shutuma kwamba alitaka kumpa malkia sumu, na umati ukamcheka kwa dhihaka.

Leo kundi la maigizo likiona aibu, hukimbilia kufuta neno "mbwa" na mengine kama hilo. Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la tatu, Shylock anamkumbusha Antonio jinsi alivyomtemea mate na kumwita mbwa, na Antonio anajibu kwamba yu tayari kurudia. Ondoa maneno hayo, na kisasi cha Shylock kinabaki bila chanzo. Mtazamaji ataona ukatili wa kuzaliwa nao. Matusi yale ni ushahidi dhidi ya wanaoyatamka.

Vivyo hivyo hotuba maarufu ambamo Shylock anauliza kama Myahudi hana macho: inaishia kwenye kisasi, na kuikatiza katikati ni kumgeuza Shylock kuwa mahubiri.

Uigizaji nao una uzito wake. Mwaka 1943, Wayahudi wengi waliokuwa wamebaki Vienna wakiwa wamekwisha kupelekwa kambini kuuawa, Wanazi waliuonyesha mchezo huu kwenye ukumbi wa Burgtheater, na Werner Krauss akamcheza Shylock kama kinyaa kitupu. Pua ya bandia, au lafudhi ya kigeni anayopewa yeye peke yake, huelekea njia hiyohiyo.

Lakini mzizi uko katika muundo. Mahakamani, Shylock akishashindwa kesi ya kudai nyama ile, Antonio anadai abatizwe, na mchezo unaliita jambo hilo huruma. Kisha sehemu nzima ya tano ni ya wapenzi na mizaha, naye haonekani tena. Mwaka 2015 mwongozaji Jonathan Munby, kwenye ukumbi wa Globe mjini London, aliujibu muundo huo kwa kumaliza onyesho na ubatizo wenyewe, Jonathan Pryce akiwa Shylock, ili watazamaji waione adhabu ambayo maandishi yameificha.

Bila kuongeza onyesho, kazi iko pale Shylock anapotoka. Mzaha wa Gratiano, rafiki wa Antonio, unamsindikiza: angekuwa hakimu yeye, angemwongezea wasimamizi wa ubatizo kumi wampeleke kitanzini. Mzaha huo ukisemwa mbiombio, ukumbi hucheka. Ukisemwa taratibu, na waigizaji wote jukwaani wamenyamaza, kicheko hukwama kooni.