Usiisugue Bado: Jinsi ya Kutambua Bunduki ya Kijeshi ya Zamani

Bunduki ya kijeshi ikipatikana darini au katika sanduku la marehemu babu, wengi huanza kwa msasa na vanishi. Huo ndio uharibifu mkubwa kuliko kutu. Nchi ilikotengenezwa, mwaka, jeshi lililoitumia na karakana zilizoibadilisha, vyote hivi vimepigwa chapa kwenye chuma na mbao, na chapa nyingine ni nyembamba kiasi kwamba kusugua mara chache kunazifuta kabisa.

Kabla ya chapa kuna sheria. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, mwenye bunduki nchini Kenya anatakiwa awe na cheti cha Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Usijiamulie mwenyewe kwamba umri, kutu au heshima ya familia vimeiondolea bunduki hiyo masharti. Ukiikuta haina cheti, usiitie kwenye buti la gari uzunguke nayo mjini kutafuta ushauri. Iache ilipo, funga chumba, wapigie polisi wa kituo cha karibu waje. Usivute bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu) wala kifyatulio ili kuona kama imejaa, kwa sababu risasi iliyokaa miaka 80 bado inaweza kulipuka. Kuna pia Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006: kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Asiye na cheti bado anaweza kukusanya picha za chapa, barua za jeshi na vitabu vya mafunzo. Mkusanyo wa aina hiyo una thamani kubwa kwa watafiti.

Katika nchi hii, bunduki ya kwanza kuifahamu ni Lee-Enfield ya kaliba (kipenyo cha mtutu kwa inchi) .303, silaha ya askari wa Keya (King's African Rifles) katika vita vyote viwili vya dunia. Ziko aina mbili kuu, na utazitofautisha hata ukiwa hatua kadhaa mbali. SMLE (Short Magazine Lee-Enfield) Mark III, iliyopitishwa mwaka 1907, ina pua butu: kofia ya chuma ya mbele inaishia karibu sawa na mdomo wa mtutu, na kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu, mbele ya chemba, yaani pale risasi inapokaa. Namba 4, ile ambayo wengi huku huiita Mark 4, inaacha kipande cha mtutu kikichomoza mbele ya mbao, na kilengeo chake chenye tundu kiko nyuma kabisa, karibu na jicho la mpigaji. Singe ya SMLE ni upanga wenye ubapa wa karibu sentimita 43. Ya Namba 4 ya mwanzo ni msumari wa sentimita 20 hivi.

Sasa sogea karibu. Kwenye SMLE, tazama upande wa kulia wa shingo ya chuma inayoshika kitako. Utakuta taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka na alama ya toleo. ENFIELD na BSA ni za Uingereza, LITHGOW ni ya Australia, na bunduki ya Ishapore, India, ya enzi ya Mfalme George ina herufi GRI badala ya GR. Nyota baada ya III inamaanisha toleo lililorahisishwa wakati wa Vita vya Kwanza, lililoondolewa kizuizi cha magazini (kasha la risasi) na vilengeo vya masafa marefu vya ubavuni. Kwenye Namba 4, maneno US PROPERTY ubavuni kushoto yanaonyesha ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Savage kwa ajili ya Uingereza.

Mwaka ulio shingoni ni wa mwili wa bunduki tu. Mtutu una tarehe yake karibu na chemba, mara nyingi tarakimu mbili, na ukikuta 1916 shingoni na 42 kwenye mtutu, ujue ulibadilishwa. Linganisha pia namba ya mwili, ya mtutu na ya nyuma ya mkono wa bolti. Bolti iliyotoka bunduki nyingine ndiyo kasoro tunayoihofia zaidi, kwa sababu nafasi kati ya bolti na risasi huenda isiwe sahihi, na ganda likapasuka usoni mwa mpigaji. Herufi FTR na mwaka ni alama ya ukarabati kamili wa kiwandani. DP ni ya mazoezi ya gwaride, na haifai kufyatuliwa. Mishale miwili inayogusana kwa ncha inaonyesha serikali ya Uingereza iliitoa katika mali yake.

Bunduki zilizofanywa za kisasa ndizo huchanganya watu. Ishapore 2A na 2A1 zina sura ya SMLE, lakini magazini yake ni ya pembe kali, inabeba risasi 12, na shingoni imeandikwa 7.62 MM. Wengi hudhani ni Mark III kuukuu zilizotobolewa upya. Sivyo: zilitengenezwa mpya kuanzia miaka ya 1960 kwa chuma imara zaidi. Risasi ya .303 ina ukingo chini na ganda la milimita 56, ile ya 7.62 haina ukingo huo na ganda lake ni milimita 51. L42A1 ya Uingereza, kwa upande wake, kweli ni Namba 4 ya walenga shabaha iliyowekewa mtutu mpya mzito wa 7.62 kuanzia mwaka 1970.

Upande wa Taveta na Voi historia ni nyingine. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walibeba Mauser Modeli ya 71: milimita 11, risasi moja kwa wakati, baruti ya moshi mzito uliomfichua mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga mwezi Novemba mwaka huo walijipatia mamia ya bunduki za Waingereza, kwa hiyo .303 ya eneo hilo huenda ilipita mikono ya pande zote mbili. Kaskazini, kampeni ya 1941 dhidi ya Waitaliano iliacha bunduki zao za Carcano. Juu yake mwaka wa Kifashisti, wa kalenda ya utawala wa Mussolini, huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na XVI ni kuanzia Oktoba 1937 hadi Oktoba 1938.

Za kughushi zipo. Malkia Victoria alifariki Januari 1901, basi herufi VR juu ya mwaka 1907 ni kazi ya fundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, hasa N ikiwa imegeuzwa. Namba 5 fupi ya msituni nayo huigizwa kwa kukata Namba 4. Ile halisi imepunguzwa chuma kwenye mwili na kwenye mtutu, na kirungu cha bolti kina shimo.

Kusoma chapa iliyofifia, mulika tochi kwa pembe ya chini na upige picha, au weka karatasi nyembamba na usugue kwa penseli laini. Hata mwenye cheti asikimbilie bisibisi: ukizungusha bolti ya kitako cha SMLE kabla ya kutoa mbao ya mbele, ncha yake ya mraba hupasua mbao hiyo kwa ndani. Chuma kinatosha kitambaa cha pamba na mafuta membamba, mbao mafuta ya kitani kidogo sana. Na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu wa baridi ya Julai ya Nairobi na kuushikilia kwenye chuma mpaka kutu iingie chini ya chapa.