Sarafu ya Marehemu Babu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mzee akishazikwa na sanduku lake kufunguliwa, chini kabisa, nyuma ya hati za shamba, hukutwa kitambaa kilichofungwa fundo, mna sarafu ndani. Kuanzia hapo kila aliyeko ukumbini ni mtaalamu.

"Imeandikwa 1780, tumeukata." Riale kubwa yenye sura ya Maria Theresa ilizagaa Zanzibar, Oman na Yemen. Huo 1780 ni mwaka aliofariki malkia mwenyewe. Wafanyabiashara walishaizoea sura ile na hawakutaka nyingine, basi Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko wakaendelea kuipiga kwa tarehe ileile. Vienna wanaipiga hadi leo. Kwa hiyo ya babu huenda umri wake haufiki hata karne moja. Ina gramu 28 na kidogo, fedha asilimia 83.3, na nyingi haziuzwi mbali sana na bei ya fedha iliyomo. Wajuzi hutofautisha matoleo kwa kuhesabu lulu za bruchi, ile pini ya pambo, begani na kuchunguza manyoya ya mkia wa tai, na zipo chache zinazotafutwa sana. Ila mwaka peke yake haukuambii kitu.

Mkanganyiko wa aina hiyo upo kwa Edward VIII, mfalme wa Uingereza. Alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, na sarafu za Uingereza zenye kichwa chake ni adimu kwelikweli. Ila senti tano na senti kumi zake za Afrika Mashariki zina tundu katikati, zimebeba jina lake tu, na zilipigwa kwa wingi. Zitunze kwa mapenzi, si kwa bei.

"Rupia ya Mjerumani ina zebaki." Haina. Ni fedha asilimia 91.7, gramu 11.66. Anayekuambia ana mnunuzi wa mamilioni, ila kwanza utume "pesa ya kipimo", anachokitaka ni hiyo ya kipimo.

"Sonara atatuambia thamani yake." Sonara atakuambia thamani ya madini, na ataisema kwa uaminifu. Sasa chukua rupia 15 ya Tabora. Mwaka 1916, vita vimewabana, Wajerumani waliipiga kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, tembo kainua mkonga upande mmoja, tai upande wa pili. Zilitoka takriban 16,000 tu. Uzito wake ni gramu 7.17, dhahabu asilimia 75. Hesabu ya sonara itatoa gramu tano na kidogo za dhahabu safi, halafu kipande cha historia ya Tabora kinaishia kuwa hereni. Mkusanyaji analipa zaidi ya hapo, na ndiyo maana za bandia zimejaa. Tena ziko aina mbili: upande wa tai, ncha ya pambo la kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza.

"Tuisafishe kwanza, ing'ae." Hapa ndipo nyumba nyingi huharibu mali kwa mikono yao. Majivu, ndimu, dawa ya meno, vyote huacha mikwaruzo myembamba kama nywele. Ilaze sarafu, mulika taa kwa ubavu, utaiona. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC hupanga hali ya sarafu kwa daraja 1 hadi 70 na kuifungia kwenye kasha. Iliyosuguliwa kwa kawaida hunyimwa namba, inaandikwa tu kwamba ni halisi lakini imesafishwa, na bei huporomoka. Ishike ukingoni na ule weusi uuache ulivyo.

Kuitambua, ipime kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, pima kipenyo, jaribu sumaku, piga picha pande zote pamoja na ukingo. Kisha linganisha na bei zilizolipwa mnadani. Bei anayoomba mtu mtandaoni ni ndoto yake. Na anayekuthaminia asiwe ndiye anayetaka kuinunua.

"Bima ya nyumba inatosha." Bima nyingi za vitu vya ndani huweka kikomo kidogo kwa fedha taslimu, vito na sarafu. Itajwe kwa jina kwenye mkataba, na uulize kama watalipa thamani mliyokubaliana au bei ya soko siku ya hasara. Thamani ya bima ni gharama ya kupata nyingine kama hiyo, kwa hiyo huwa juu ya bei atakayokupa muuzaji wa sarafu. Ndugu wakigawana mirathi kwa namba hiyo, aliyeichukua sarafu atakuwa amepunjwa. Wagawane kwa bei ya kuiuza.

Uliza pia kama bima inaendelea sarafu ikiwa njiani kwenda kupimwa, na picha na barua ya mthamini zikae nyumba nyingine.