Si kila tope ni la mkoko

Nimepokea tena mwaliko wa chuo kikuu kinachoadhimisha miaka tangu kuanzishwa kwake. Mgeni rasmi atapanda mche wa mkoko ufukweni, wanafunzi watapanda mingine elfu moja kabla ya saa sita mchana, na idadi hiyo itatangazwa kuwa mchango wa chuo katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Nikiuliza mahali palichaguliwaje, huambiwa kwamba mkoko ni mti wa tope, hivyo popote penye tope panafaa. Hapafai.

Tope lililo wazi maji yanapokupwa lina sababu ya kuwa wazi. Kati ya miti inayounda msitu wa mikoko, mlilana ndio unaovumilia kukaa mbele kabisa, unakofunikwa na maji kila siku; nyuma yake huja mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na mchu hustawi hata kule juu kunakofikiwa na maji ya bamvua pekee, yaani yanapojaa kupita kawaida, ingawa pengine huonekana tena upande wa bahari, jambo linalowachanganya wanaotaka mipaka iliyonyooka. Sherehe hupenda mkoko kwa sababu chipukizi lake ni refu na huchomekwa topeni kwa mkono mmoja. Likichomekwa mbele ya mililana, hukaa chini ya maji muda mrefu kuliko linavyoweza kuvumilia, mawimbi hulitikisa kabla halijashika mizizi, na baada ya miezi michache unakuta vijiti vitupu. Mara nyingine hupandwa juu ya majani ya bahari, ambayo yenyewe huhifadhi kaboni. Hapo tumeharibu hifadhi moja kwa jina la kujenga nyingine.

Tena, sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imo ndani ya tope, iliyorundikana kwa karne nyingi, wala haiwezi kuletwa na mche wa asubuhi moja. Mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, una hekta 117, na kati ya hizo 107 ni msitu wa asili unaolindwa. Zilizopandwa ni 10 tu. Nakiri kwamba vipimo vyetu sisi tunaopima kaboni ya mikoko navyo vina walakini: mara nyingi tunachimba hadi mita moja tu, na sehemu ya kaboni tunayoihesabia mikoko ililetwa na mto kutoka bara, nami sina hakika kwamba ni haki kuihesabu yote.

Nimewajibu waandaaji kwamba nitahudhuria iwapo siku hiyo tutazibua mkondo uliozibwa na barabara nyuma ya msitu, ili maji yaingie na mbegu zijipande zenyewe, na iwapo ratiba ya mwaka wa tatu baada ya siku hiyo itakuwa na siku ya kurudi kuhesabu miche iliyo hai.