Je, wajua kwa nini mbwa mwenye nyonga legevu hukatwa mfupa ambao haujavunjika?

Wafugaji wa mbwa wa ulinzi hapa Unguja, hasa wa aina kubwa kama German Shepherd na Rottweiler, huenda wakakutana na jambo la kutatanisha: mbwa wa miezi sita, aliyelishwa vizuri na mwenye mwili wa kutosha, anapata taabu kuinuka asubuhi juu ya sakafu ya vigae, na akipanda ngazi huitupa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja. Ni rahisi kudhani kwamba amepigwa au ameteguka, lakini kwa mbwa wa aina hizi nyonga ndiyo ya kuchunguzwa mwanzo.

Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, na hukaa ndani ya tundu la fupanyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga inayoonekana ya kawaida. Kwa yule aliyerithi udhaifu huu, kano hulegea katika miezi ya mwanzo, na kila anapokanyaga, kichwa cha paja huteleza kuelekea nje na kuugonga ukingo wa tundu. Ukingo husagika, gegedu (tishu nyororo inayofunika mifupa kiungoni) huchubuka, na hatimaye mwili huotesha mfupa wa ziada kuzunguka kiungo, ambao huzidisha ukakamavu na maumivu. Maradhi haya huonekana zaidi kwa mbwa wazito wanaokua haraka kuliko kwa mbwa wepesi wa kienyeji wanaofuatana na wasasi.

Uchunguzi wake unastahili kuelezwa. Mbwa akiwa amelazwa chali kwa dawa ya usingizi, daktari hushika goti, hulisukuma kuelekea kwenye kiungo mpaka kichwa cha paja kitoke kidogo mahali pake, kisha huupanua mguu taratibu kwenda nje. Nyonga ikiwa legevu, kichwa hurudi tunduni kwa mshituko unaohisika mkononi. Mbinu hii ina jina la Marino Ortolani, daktari wa watoto wa Italia aliyeieleza mwaka 1937 kwa ajili ya watoto wachanga wa binadamu. Baadaye hupigwa picha ya eksirei.

Sasa, kwa nini kukata fupanyonga? Kwa sababu kasoro iko katika jinsi tundu linavyokifunika kichwa cha paja, wala kano zilizolegea haziwezi kukazwa zikadumu. Daktari huikata mifupa ya fupanyonga mahali pawili au patatu, huligeuza lile pande lenye tundu ili ukingo wake wa juu ushuke zaidi juu ya kichwa cha paja, kisha hulishikiza kwa bamba la chuma lenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 30 na skrubu. Kuanzia hapo uzito wa mwili hukisukuma kichwa ndani ya tundu badala ya kukitoa nje.

Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa mbwa akiwa na miezi mitano hadi kumi, kabla gegedu haijaharibika, kwani kuligeuza tundu lililokwisha kusagika hakuna faida. Kwa walio wadogo zaidi, wa wiki 12 hadi 20, kuna njia nyepesi: gegedu ya ukuaji iliyo chini ya fupanyonga huunguzwa kwa umeme ili isiendelee kukua, na matundu yakajigeuza yenyewe kadiri mwili unavyokua. Aliyechelewa hubakiwa na kuondolewa kichwa cha paja au kuwekewa nyonga ya bandia. Kwa hiyo anayenunua mtoto wa mbwa wa aina kubwa, naona ni haki ya mnyama yule apimwe nyonga akiwa na miezi minne, kabla hajaanza kuchechemea.

Chakula nacho kina nafasi yake. Katika utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador, waliopewa chakula pungufu kwa robo walipata madhara machache ya nyonga na waliishi zaidi, wastani wa miaka 13 dhidi ya 11.2. Kumnenepesha mtoto wa mbwa ili aonekane mkali getini, au kumzidishia kalisiamu, ni kumdhuru.

Baada ya upasuaji, mbwa huhitaji wiki sita hadi nane za kutulia: hafungwi getini kulinda, hapandi ngazi, na huwekewa mkeka usioteleza. Na kwa kuwa mfupa uliogeuzwa haubadilishi urithi, mbwa huyo huhasiwa, hata kama picha zake za baadaye zitaonyesha nyonga nzuri.