Wapiga besi wa bluzi hawakuuza roho njia panda

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti wanamuziki wa bluzi (blues, muziki wa Wamarekani weusi), hasa wale wanaoimba huku wakipiga gitaa la besi, waliuza roho kwa shetani kwenye njia panda huko Mississippi, Marekani, usiku wa manane, ndipo vidole vikafunguka.

Si kweli. Kuimba na kupiga besi kwa pamoja ni kazi ngumu, maana koo hufuata wimbo na vidole hufuata ngoma, lakini ni mazoezi tu. Bluzi nyingi hurudia duru moja ya vipande 12 vyenye mapigo manne manne. Huhitaji pepo kuikariri. Wengi walianza kuimba kanisani, wakapiga vilabuni, kisha wakahamia Chicago.

Mkanganyiko umekuzwa na wimbo mmoja wa njia panda, "Cross Road Blues" wa Robert Johnson, uliorekodiwa Texas mwaka 1936. Sikiliza wimbo huo mwenyewe: mwimbaji anapiga magoti na kumwomba Mungu amhurumie. Shetani hatajwi kabisa. Nasi tuna hofu zetu za njia panda, ndiyo maana kisa hiki hutuingia kirahisi. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.